Mti Nilioukata Ungali Hai

Asubuhi ile ya sakitu, umande ulipoganda, tulikuwa watu watano pale kitaluni Guangzhou, China, na ninawataja wote mapema kwa sababu nawajua ninyi, mtaanza kuniuliza katikati ya habari. Alikuwepo Mama Liang, mwenye kitalu, tuliyemwita Laoban kama wanavyowaita mabosi wote kule. Alikuwepo Mzee Huang, fundi wa miti. Hakuwa ndugu yake Laoban, ila alikuwa amefanya kazi na marehemu baba yake, kwa hiyo alimgombeza Laoban kama mtoto wa kumzaa. Alikuwepo Neema, binti yangu wa pili, mnunuzi wa nguo. Alikuwepo Seif, wakala wa mizigo kutoka Zanzibar, ambaye hakuwa ndugu wa yeyote lakini alikula kwa wote. Na mimi, Eliza, mama yake Neema. Mwenye ardhi, Bwana Qiu, hakuwepo asubuhi hiyo. Yeye anakuja baadaye, mikono nyuma, kama alivyotembea siku zote.

Ninawaandikia ninyi vijana wa shamba la parachichi hapa Njombe, mlioniaga juzi kwa keki na hotuba ndefu kuliko miaka niliyofanya kazi. Mmoja wenu aliniuliza, sakitu ikipiga parachichi tufanye nini, Bibi? Nikamjibu, usifanye kitu. Mkacheka, mkadhani nimezeeka. Sasa someni kwa nini.

Mimi shule niliishia la nne. Kazi ya miti nilianza kwenye kitalu cha chai, msichana bado. Siku ya kwanza nyapara, Mzee Sanga, alinipa mkasi wa kupogolea, akaniambia usikate kitu mpaka nirudi. Alirudi baada ya siku mbili. Nilidhani amenisahau, kumbe ndilo lilikuwa somo lenyewe, na ningelishika vizuri hii hadithi isingekuwepo. Miaka mingi baadaye Neema akaanza safari za Guangzhou. Akaniomba niende nimsaidie kufunga mizigo, maana kila aliyemfungia alimwibia au alifunga vibaya. Nikaenda. Hii ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati Waswahili wa kule tulikuwa wachache na tulijuana hadi viatu.

Tulipanga chumba Sanyuanli. Neema alikuwa akitoka asubuhi kwenda Shisanhang kununua nguo, anarudi na mifuko ile ya shangazi kaja, mimi nafunga. Kufunga nguo ni kazi ya nusu siku. Nusu iliyobaki nilikaa dirishani nikihesabu baiskeli. Seif alipanga kona ya banda la Mama Liang, nje ya mji upande wa kaskazini, kuwekea mizigo kabla haijapelekwa bandarini. Siku moja nikaenda naye kuangalia marobota yetu. Nikaona miti. Nikamwona pia kijana mmoja anapogoa mchungwa kama anayekata nywele za adui yake. Nikamnyang'anya mkasi. Wala sikumwambia kitu, na ningemwambia kwa lugha gani?

Mzee Huang alikuwa anatazama kwa mbali. Akaja, akashika tawi nililolikata, akaangalia kidonda. Akaniletea mkasi wake mwenyewe, wenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli. Ndivyo nilivyoajiriwa. Visa yangu ilisema nimekuja kwa biashara, na kweli, matawi nayo yana biashara yake.

Alinifundisha mambo mengi yule mzee bila lugha. Aliniita A-Sam, ambayo kwao ni kama kusema shangazi, ingawa alinizidi umri kwa miaka ishirini. Msumeno wake wa upinde aliunoa kila Jumamosi, na meno yake aliyapaka mafuta ya karanga. Ngazi yake ilikuwa ya mianzi na ililia kila hatua. Nilipoogopa kuipanda aliniambia, kwa mdomo wa Seif, kwamba ngazi inayolia ni nzuri, ya kuogopa ni ile inayonyamaza. Nikamuuliza Seif kama kweli mzee amesema hivyo au ameongeza chumvi mwenyewe. Akajibu, "Bi Eliza, mimi natafsiri na viungo humo humo. Pilau haliwi jeupe."

Kitalu kiliishi kwa michungwa midogo ya kwenye vyungu, ile wanayoweka mlangoni wakati wa mwaka mpya wao. Lakini moyo wa kitalu ulikuwa milichi kumi na mmoja iliyopangwa mstari mmoja karibu na lango. Lichi kama hamjaila ni, kwa maneno ya Seif, shokishoki iliyonyoa ndevu. Hiyo kumi na mmoja ilikuwa miti mama. Mzee Huang alifunga udongo kwenye matawi yake hadi yaote mizizi, kisha anakata na kuuza mche. Aliipanda yeye na baba yake Laoban. Kibanda chake cha kulala kilikuwa mwisho wa mstari, na ardhi ile Bwana Qiu aliikodisha kwa sharti moja: itabaki mikononi mwao maadamu milichi imesimama. Ikiondoka, anajenga ghala. Kila mtu alilijua sharti hilo, na Bwana Qiu alikuwa akipita mara kwa mara kuiuliza hali miti kama mtu anayemtembelea tajiri mgonjwa.

Basi mwaka ule baridi ilikuja kavu, bila mawingu, bila upepo. Nililala kitaluni wiki hiyo kwa sababu marobota ya Neema yalikuwa bandani na gari la mizigo lilikuwa linasubiriwa. Jioni ile nilitazama mbingu nikajua. Sisi wa Njombe hatuhitaji redio. Nikamwambia Mzee Huang kwa vidole: usiku huu, nyeupe. Akanielewa nusu. Watu wa Guangzhou baridi wanaijua, lakini umande ulioganda juu ya jani wengi wao walikuwa hawajawahi kuuona. Tukahamishia vyungu bandani mpaka nikapata maumivu ya kiuno ninayoyatunza hadi leo. Milichi haikuwa na pa kuhamia.

Sasa hapa ndipo ujuaji wangu ulipoingia. Bibi yangu alikuwa na bustani ya viazi. Sakitu ikianguka aliamka kabla ya jua na kopo la maji, akaosha majani, na viazi vilipona. Nikaona kwa nini ningoje alfajiri wakati kitalu kina bomba lenye kichwa cha kunyunyizia? Nikalifunga kwenye mlichi wa kwanza, ule wa karibu na lango, nikafungulia, nikaenda kulala kwa amani ya mtu aliyeshinda mtihani. Nilitaka kesho Mzee Huang aone mmoja umepona, aseme A-Sam ni fundi.

Sikuwa nimefikiria tangi. Maji yaliisha kabla ya alfajiri. Na ninyi mkitumia maji sikilizeni: ukianza huachi mpaka barafu iyeyuke yenyewe, ukiacha njiani umefanya vibaya kuliko asiyeanza. Nilipotoka bandani milichi kumi ilikuwa na vumbi jeupe kwenye majani. Ule wa kwanza ulikuwa umevaa kioo kizima, kila tawi limezungukwa na barafu nene kama kidole changu, na matawi yameinama hadi chini. Ulikuwa mzuri sana, Mungu anisamehe. Mzee Huang alikuwa ng'ambo ya barabara anafunua vyungu vya shamba la pili. Nikachukua mwanzi, nikaanza kuugonga kupunguza uzito.

Msigonge. Mti ulioganda ni kama chungu. Ukiwa mzima unapinda, ukiganda unavunjika, na tawi lililozoea mzigo ukiliondolea upande mmoja tu linajirusha. Niligonga mara tatu. Mara ya nne mti ukapasuka kwenye panda, chini ya goti langu, ukafunguka pande mbili kama kitabu.

Nilisimama pale. Nikatazama barabarani kama mwizi. Na badala ya kumwita mzee, nikaenda kuchukua msumeno wake. Nilijiambia umeshakufa huu, nasafisha tu. Nikakata upande wa kwanza, nikakata wa pili, kazi ya saa nzima na zaidi, jasho katika baridi ile. Matawi nikayaburuta nyuma ya banda. Mlichi uliopandwa na marehemu ukabaki kisiki cha kukalia.

Mzee Huang aliporudi alisimama mbele ya kisiki. Akakibonyeza kwa dole gumba. Akautazama msumeno wake, akaufuta kwa shati, akaenda kuchemsha chai. Sikumwelewa, au nilijifanya.

Saa tatu wakaja Laoban, Neema na Seif na gari. Jua lilikuwa limeshapanda na majani ya milichi kumi yalikuwa yamegeuka kama mchicha uliochemshwa. Hadi mchana yalikuwa ya kahawia, yanakauka mkononi. Laoban alitembea mstari mzima. Akafika kwenye kisiki. Akauliza nani amekata. Seif akaniuliza, nikasema mimi. Akauliza kwa nini, na mimi, mwanamke wa miaka hamsini, mzee wa kanisa, nikasema ulikuwa umekufa.

Laoban akatikisa kichwa polepole. Akasema A-Sam ametoka nchi ya baridi, sisi hatuijui hii baridi lakini yeye anaijua, kama ameukata ujue ni kweli. Basi yote imekufa. Ikatwe yote kabla ya mwaka mpya.

Kule mwaka mpya ni usafi. Kila kilichokufa hutolewa nje kabla siku haijafika, majani makavu, vyungu vilivyopasuka, deni la maneno. Mteja hawezi kuingia kununua mchungwa wa bahati huku amepita maiti kumi mlangoni. Nilimwelewa. Nilichokielewa zaidi ni kwamba milichi ikikatwa ghala linajengwa, na kibanda cha Mzee Huang kiko palepale litakapokuwa ghala. Alikuwa na miaka sabini na kitu. Mtoto hana, mke alishazikwa.

Mzee Huang hakubishana. Hilo ndilo liliniumiza. Alileta vikombe vya chai, akanipa changu kwa mikono miwili kama siku zote, kisha akasema neno fupi. Seif akapuliza chai yake.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Bi Eliza, hili halina viungo."

"Liseme hivyo hivyo."

"Amesema mti uliokufa haulowanishi msumeno."

Alijua tangu alipobonyeza kisiki. Aliuona utomvu, akauona msumeno, akajua nimekata mti hai kuficha aibu, na hakutaka kunivua nguo mbele ya bosi. Angekihama kibanda chake kwa heshima yangu. Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia Seif, sasa tafsiri, na ukiongeza hata chumvi kidogo nitakusemea kwa mama yako.

Nikasema yote. Bomba, tangi, mwanzi, panda. Nikasema niliukata ukiwa hai kwa sababu niliona haya, na kwamba kuhusu ile kumi sijui kitu. Seif alitafsiri akiangalia viatu vyake. Neema aliweka mkono mdomoni, yule mtoto amerithi haya kwangu. Sikupata kujua kama Laoban alitaka kunifukuza au kunipiga, kwa sababu Mzee Huang alikuwa ameshainuka. Akaenda kwenye mti wa pili, akakwaruza gome kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa kijani. Akaenda kwenye wa tatu. Kijani. Ncha za matawi zilikuwa za kahawia, lakini shina na matawi makubwa yalikuwa hai, yamekasirika tu.

Hivi ndivyo ilivyo, vijana wangu. Sakitu ikipiga msikate. Majani yaliyokufa yaacheni hapohapo juu, yanalikinga tawi na baridi ya pili. Ukikata mapema unauamsha mti uchipue, na baridi ya pili inaua hayo machipukizi na mti pamoja. Subiri mvua, subiri uone mti wenyewe unaanzia wapi kuishi, ndipo ukate juu ya hapo. Kukwaruza kwa ukucha kunatosha. Msiende na misumeno yenu ya moto inayonguruma kama mbwa.

Laoban akasema sawa, iko hai, lakini mteja hana ukucha. Mteja ana macho, na Bwana Qiu ana macho mawili makubwa zaidi. Itaonekana imekufa mpaka lini? Mzee Huang akasema mpaka baada ya siku ya kusafisha makaburi, yaani miezi mitatu na zaidi. Laoban akakaa juu ya kile kisiki, na mimi nikaona ni adhabu yangu kumwona amekaa hapo.

Ndipo nikakumbuka robota la Neema. Wiki tatu nyuma alinunua masweta mekundu, rangi ya bahati kule, Shisanhang, mia mbili, yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Alirudi kuyarudisha akaambiwa mei you, hakuna, kama vile duka lenyewe halikuwepo. Yalikuwa bandani yakingoja Mungu alete watu wenye mikono ya namna hiyo.

"Mama, hapana," Neema akasema, kabla sijafungua mdomo.

"Sijasema kitu."

"Umeliangalia robota."

Tuliivisha. Shina kwanza, halafu matawi makubwa, mikono ya sweta tukaifunga kama mikanda, na ule mkono mrefu kumbe ulikuwa wa kazi hiyo, ulizunguka vizuri. Gome lililochunwa na baridi linahitaji kufunikwa, jua la mchana lisilipasue, kwa hiyo msiseme ilikuwa mapambo tu. Mzee Huang alipanda ngazi yake inayolia. Seif alishika chini, akalalamika kwamba mama yake alimsomesha Kurani na hesabu, si kuvisha miti. Laoban aliangalia huku amekunja mikono, kisha akaenda ndani akarudi na taa za karatasi, akatundika moja kila mti. Jioni milichi kumi ilikuwa imesimama langoni myekundu kama mabibi harusi wa vijijini kule.

Wateja walikuja. Walipiga picha. Mama mmoja aliuliza bei ya sweta, Neema akamvulia mti mmoja pale pale, nikamrudisha akauvishe.

Bwana Qiu akaja siku ya pili ya mwaka mpya, mikono nyuma. Alizunguka kila mti. Akainua sweta moja kwa kidole, akaona jani kavu, akauliza hii miti ina nini. Laoban hakupepesa jicho. Akasema ni mila ya Afrika, A-Sam ameibariki. Bwana Qiu akanigeukia. Mimi mzee wa kanisa nikainamisha kichwa taratibu kama mganga. Dhambi hiyo niliipeleka mwenyewe kwa mchungaji niliporudi, akacheka mpaka akashindwa kuomba. Bwana Qiu akasema atarudi baada ya siku ya makaburi, na mila ikiisha anataka kuona majani.

Miezi ile mitatu nilikwaruza gome mpaka Mzee Huang akanipiga kidole kwa kijiti, kuonyesha ninaiumiza miti. Kila asubuhi nilikwenda mstari mzima kabla ya kunywa chai. Hakuna kitu. Ncha zikakauka zikawa za kuwashia moto. Mvua ikaanza, na bado hakuna kitu. Neema akaniambia nirudi nyumbani nipumzike, nikamwambia sirudi nikiwa sijui kama nimemwondoa mzee wa watu kibandani.

Basi siku moja asubuhi mzee akaniita, A-Sam, A-Sam, kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtoto amelala. Kwenye mti wa nne, juu kidogo ya sweta, palikuwa na kichipukizi. Hamjui hili kama hamjalea lichi: jani lake changa halizaliwi kijani, linazaliwa jekundu. Wiki moja baadaye yalikuwa kila mahali. Tukayavua masweta. Mzee akanipa msumeno, msumeno uleule, akanionyesha pa kukata, juu tu ya uhai. Nilikata milichi kumi kwa siku nne na sikukosea hata tawi.

Bwana Qiu alipofika alisimama barabarani, hata langoni hakuingia. Akamwita Laoban akamwambia sherehe imeisha zamani, mbona miti bado mmeivisha nyekundu? Laoban akamwambia aingie aguse. Akaingia, akashika jani, akalinusa, akakaa nalo mkononi. Halafu akaenda zake, na habari ya ghala sikuisikia tena.

Niliondoka mwaka huohuo, kabla ya lichi kuiva. Mzee Huang alinisindikiza hadi langoni, akauhesabu mstari kwa kidole kama alivyofanya kila jioni. Alihesabu kumi na mmoja. Alianzia kwenye kisiki.

Majina nina uhakika nayo, msinisumbue kwa majina. Masweta huenda hayakufika mia mbili, Neema atasema. Lakini mimi ninaandika hapa kwamba kile kisiki hakikuchipua, kwa sababu hadi naondoka nilikikwaruza kila siku na sikuona kijani. Seif alibaki kule miaka mingi baada yangu, na wako wengine waliopita lango lile. Kama yupo kati yao aliyekiona na majani mekundu, basi nimekosea, na ninaomba sana anisahihishe.